Fedha za utafiti za Ulaya: anzia kwa mhasibu, andiko lisubiri

Swali ninaloulizwa zaidi kwenye dawati la miradi ni "andiko la kuomba fedha za mradi linaandikwaje?" Naomba nianze mbali kidogo na hapo. Maandiko niliyoyaona yakikwama mikononi mwetu, machache yalikwama kwa udhaifu wa sayansi. Mengi yalikwama kwa sababu jina la chuo kwenye fomu halikulingana na jina lililo kwenye hati ya kisheria, au mhasibu alisikia habari za mradi siku fedha zilipoingia benki. Ndiyo maana hatua zangu zinaanzia ofisini. Maabara itafuata.

Hatua ya 1: Jua dirisha lako

Mfuko mkubwa ni Horizon Europe, programu ya utafiti ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2021 hadi 2027, iliyotengewa mwanzoni takriban euro bilioni 95.5. Julai 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza euro bilioni 175 kwa programu itakayofuata, ya 2028 hadi 2034. Kwa hiyo kazi ya kujipanga unayoifanya sasa haitapotea.

Nguzo ya kwanza ya Horizon Europe ni sayansi ya msingi. Humo mna ruzuku za ERC, yaani Baraza la Utafiti la Ulaya, ambazo mtafiti wa uraia wowote anaweza kuziomba, ila taasisi inayompokea lazima iwe katika nchi ya Umoja wa Ulaya au nchi iliyojiunga rasmi na programu. Chuo kilicho nje ya hapo kisipoteze muda nazo. Humo humo mna programu ya Marie Skłodowska-Curie, na hii ina mlango mpana: mafunzo ya uzamivu ya pamoja, watafiti waliomaliza uzamivu, na kubadilishana watumishi kwa mwezi 1 hadi miezi 12. Mtafiti wa Ulaya anaweza hata kulipwa kuja kufanya kazi kwenye chuo chako kwa miezi 12 hadi 24, kisha akarudi Ulaya kumalizia miezi 12. Vyuo vingi havijui kwamba vinaweza kuwa wenyeji wa watu hao.

Nguzo ya pili ndiyo yenye fedha nyingi: miradi ya ushirikiano katika makundi 6, kuanzia afya hadi chakula, nishati na mazingira. Ya tatu inahusu ubunifu na kampuni changa. Ipite tu kwa sasa. Wanaofanya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza Afrika kusini mwa Sahara wana mlango wao pia, EDCTP, ushirikiano wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba, ulioanza 2003 na ambao sasa unaendeshwa kwa jina la Global Health EDCTP3. Shida yako ikiwa ni mitaala na mafunzo kuliko utafiti, nenda Erasmus+, programu ya elimu ya Umoja wa Ulaya, kwenye sehemu ya kujenga uwezo wa vyuo vikuu.

Sasa, nani analipwa? Nchi 27 za Umoja wa Ulaya, na nchi zilizojiunga, kama Norway, Uturuki, Ukraine na Tunisia, na Uingereza tangu Januari 2024. Baada ya hapo kuna orodha ya nchi za kipato cha chini na cha kati, zikiwemo nyingi sana za Afrika, ambazo vyuo vyake hulipwa bila masharti ya pekee. Orodha iko kwenye mwongozo wa programu. Isome mwenyewe, usiambiwe. China, India na Brazil hazimo. Taasisi za Marekani nazo kwa kawaida huja na fedha zao.

Hatua ya 2: Chuo kiwe na namba moja

Kila taasisi hujisajili kwenye lango la ufadhili na zabuni la Tume na kupewa namba ya tarakimu 9 iitwayo PIC. Usajili ni bure na hauchukui hata nusu siku. Tatizo ni kwamba kila idara yenye haraka hujisajili yenyewe. Nilipoanza kazi hii nilikuta chuo kina namba 3, mojawapo ikiwa imefunguliwa na mtu aliyekwisha kustaafu. Kwa hiyo tafuta kwanza, ndipo usajili. Ukikuta zaidi ya moja, chagueni ile yenye jina la kisheria la chuo, nyingine muombe zifungwe.

Andaa pia jalada moja: sheria au hati ya kuanzisha chuo, utambulisho wa kodi, taarifa za benki, na barua ya mkuu wa chuo inayomteua msimamizi rasmi wa akaunti, ambaye Tume humwita LEAR. Uhakiki wenyewe hufanyika andiko likishinda, lakini siku hiyo hutakuwa na muda wa kutafuta hati ya mwaka 1970 na kitu. Msimamizi huyu asiwe profesa. Awe mtu wa ofisini, anayejibu barua pepe.

Vyuo vya Ulaya na vya nchi zilizojiunga vinatakiwa pia viwe na mpango wa usawa wa kijinsia uliosainiwa na uongozi na kuwekwa hadharani. Walio nje ya nchi hizo hawalazimishwi, ingawa nimeona washirika wakiwadai kwa kutojua.

Hatua ya 3: Kaa na mhasibu saa mbili

Hapa ndipo chuo hupata au hukosa faida, kwa hiyo nitakawia.

Katika miradi ya kawaida ya utafiti, Umoja wa Ulaya hulipa asilimia 100 ya gharama za moja kwa moja zinazokubalika, kisha huongeza asilimia 25 kwa ajili ya gharama za uendeshaji: umeme, ofisi, intaneti, muda wa mhasibu mwenyewe. Asilimia hiyo haihitaji risiti. Haihesabiwi juu ya kazi uliyompa mkandarasi wa nje.

Gharama ya mtumishi hukokotolewa kwa siku. Chukua gharama yake halisi ya mwaka, pamoja na michango ya mwajiri, ugawe kwa siku 215. Mhadhiri anayekigharimu chuo euro 32,250 kwa mwaka ana siku ya euro 150. Akifanya kazi ya mradi siku 60, hizo ni euro 9,000. Ongeza asilimia 25, yaani 2,250, na chuo kinadai 11,250. Kinachotakiwa ni tamko la kila mwezi la siku alizofanya kazi, limesainiwa na yeye na msimamizi wake. Likijazwa mwaka mzima kwa mkupuo, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, mkaguzi ataliona. Wanaona.

Ugomvi wangu na wahadhiri umekuwa mmoja tu: posho. Mradi hulipa mshahara halisi. Kama chuo kina utaratibu wake ulioandikwa wa kumlipa zaidi mtumishi anayefanya kazi ya mradi, sheria zina nafasi ya jambo hilo. Malipo yaliyobuniwa kwa sababu tu Ulaya imeleta fedha yatarudishwa, na atakayerudisha ni chuo.

Halafu mkubaliane mapema ile asilimia 25 inakwenda wapi. Ikimezwa yote na ofisi kuu, mtafiti hatakuletea mradi wa pili. Ikibaki yote kwa mtafiti, hakuna atakayelipa mshahara wa anayejaza taarifa. Wagawieni wote wawili, muandike.

Jambo la mwisho hapa ni sarafu. Bajeti ni ya euro, na taarifa ya gharama ni ya euro. Kubadilisha hufuata wastani wa viwango vya kipindi cha taarifa vilivyotangazwa rasmi, wala si kiwango ambacho benki yako ilikupa siku fedha zilipoingia. Tofauti ikija upande mbaya ni yako. Mhasibu akilijua hili kabla, atajiwekea pumzi kwenye bajeti.

Hatua ya 4: Ingia kama mshirika, na uangalie unaingia kwa jina gani

Mradi wa ushirikiano unahitaji angalau taasisi 3 kutoka nchi 3 tofauti za Umoja wa Ulaya au zilizojiunga, na moja kati yake lazima iwe ya nchi mwanachama. Chuo cha nje ya nchi hizo hakihesabiki kati ya hao 3; huongezeka juu yao. Kwa hiyo ukiwa mgeni usitamani uratibu. Mratibu hupokea fedha zote, huzigawa, hukusanya taarifa za wote na hulaumiwa kwa wote.

Washirika wanapatikana wapi? Fungua CORDIS, hifadhi ya wazi ya miradi yote iliyofadhiliwa. Tafuta mada yako, uone nani ameratibu nini katika miaka mitano iliyopita. Hao ndio wataandika tena. Waandikie kabla mwito (tangazo la Tume la kukaribisha maandiko) haujafunguliwa, barua fupi: namba yenu ya PIC, kitu kimoja mnachokiweza ambacho Ulaya hawana (hifadhi ya sampuli, kituo cha uwandani, takwimu za miaka mingi), na jina la mtu atakayefanya kazi. Usitume wasifu wa kurasa 14. Kila ukurasa wa mwito pia una sehemu ya kutangaza kwamba unatafuta washirika. Huwa na makelele mengi, lakini haina gharama.

Ukialikwa, uliza swali moja kabla ya kusema asante: tunaingia kwa nafasi gani? Mshirika kamili hutia sahihi mkataba wa ruzuku, hudai gharama zake na ile asilimia 25, na matokeo aliyoyazalisha ni mali yake. Mshirika mwalikwa hufanya kazi bila kupewa fedha za ruzuku. Mkandarasi hulipwa bei ya kazi yake na kuondoka. Nimesoma rasimu moja ambamo chuo kilikuwa kinakusanya takwimu zote za uwandani, nusu ya mradi mzima, lakini kimeandikwa kama mkandarasi wa taasisi nyingine. Tuliomba nafasi ya mshirika kamili na tukapewa siku hiyo hiyo. Haikuwa hila. Mwandishi wao alidhani nchi yetu hailipwi.

Uangalie pia mkataba wa washirika, ule mnaosainiana wenyewe kwa wenyewe. Humo ndimo huandikwa nani atatumia sampuli na takwimu, na kwa masharti gani. Orodhesha kwa majina kila ulichokuja nacho kabla ya mradi.

Hatua ya 5: Soma mwito kama mwanasheria

Maandishi ya mwito huwa na sehemu mbili: matokeo yanayotarajiwa na mipaka ya kazi. Chukua kila sentensi ya matokeo, uiandikie pembeni ni kazi gani katika andiko inaijibu. Sentensi isiyo na jibu ni alama zinazovuja.

Wasahihishaji hupima mambo matatu: ubora wa sayansi, athari, na ubora wa utekelezaji. Kila moja ina alama 5. Chini ya 3 katika lolote umeanguka, na jumla lazima ifike 10 kati ya 15. Ila 10 ni ruhusa ya kuingia uwanjani tu. Fedha huishia kwa walio juu zaidi. Watafiti huandika sehemu ya kwanza kwa mapenzi na ya pili kwa usingizi. Athari inataka majina: nani hasa atayatumia matokeo, lini, na kipi kitabadilika katika kazi yake. "Watunga sera watafaidika" haina alama.

Njia bora ninayoijua ya kujifunza haya ni kujisajili kama mtaalamu wa kusahihisha maandiko, kwenye lango lile lile. Watu wa nchi yoyote hukubaliwa, na kazi hulipwa. Mhadhiri wetu mmoja alirudi kutoka huko na kufuta nusu ya andiko alilokuwa ameliona zuri.

Hatua ya 6: Tuma mara nyingi

Mwisho huwa saa 11 jioni kwa saa za Brussels. Lango hukuruhusu kutuma, kisha kutuma tena. Toleo la mwisho hufuta lililotangulia. Kwa hiyo tuma rasimu siku mbili kabla, hata ikiwa na makosa. Ukurasa unaozidi kikomo hausomwi. Fomu ya maadili ijazwe na anayejua utafiti wenyewe, asiachiwe msaidizi.

Hatua ya 7: Barua ikija

Majibu hutoka ndani ya miezi 5, na mkataba husainiwa ndani ya 8 tangu siku ya mwisho ya kutuma. Ukikosa, utapewa maelezo ya wasahihishaji. Yaweke siku mbili bila kuyasoma, kisha yasome na washirika wote. Andiko lililopata 12 mara nyingi lina maisha ya pili katika mwito unaofuata.

Ukipata, sehemu ya fedha huja mwanzoni na nyingine hubaki hadi taarifa ya mwisho ikubaliwe. Chuo kiwe na uwezo wa kujikopesha miezi ya mwisho. Mkidai gharama za euro 430,000 au zaidi, mtahitaji cheti cha mkaguzi huru. Makala zote ziwekwe wazi kwa wasomaji siku ile ile zinapochapishwa, na mpango wa kutunza takwimu uwe tayari kufikia mwezi wa 6.

Nyaraka zote, zikiwemo yale matamko ya siku za kazi na tiketi za safari, hutunzwa miaka 5 baada ya malipo ya mwisho. Sisi tunaziweka kwenye kabati la mhasibu, kwa jina la mradi, na nakala kwenye kompyuta ya idara. Profesa ana ufunguo wa maabara. Wa kabati hana.