Kuchagua vifaa vya kupoza kompyuta kwa maji: mzunguko wako wa kwanza

Wengi huanza na pampu yenye taa au tanki zuri la kioo, kisha wanahangaika kutafuta vitu vya kuendana nalo. Anza na vile ambavyo tayari unavyo na huna mpango wa kuvibadilisha: kadi ya picha na kesi. Vingine vyote vitafuata hapo.

Hatua ya 1: Ijue kadi yako kwa jina lake lote

Kujua kwamba ni RTX 3080 hakutoshi. RTX 3080 ya ASUS TUF na ile ya MSI Gaming X Trio zina chipu moja, lakini bodi zake ni tofauti, kwa hiyo bloki (kipande cha metali kinachokaa juu ya chipu na kupitishiwa maji) ya hii haikai kwenye ile. Chomoa kadi, soma stika ya nyuma, halafu tafuta jina hilo kwenye orodha ambayo watengenezaji wa bloki huweka kwenye tovuti zao. Kama halimo, poza prosesa peke yake kwanza. Kwa prosesa kazi ni ndogo: angalia tu kama bloki inakubali soketi yako (pale prosesa inapokaa), kwa mfano AM5 au LGA1700.

Hatua ya 2: Chukua futikamba, pima kesi

Rejeta, yaani kifaa chenye feni kinachopoza maji, ikiitwa 360 imepewa jina kwa feni zake tatu za milimita 120. Yenyewe, pamoja na ncha zake, hukaribia sentimita 40. Unene nao usiusahau: rejeta ya milimita 30 na feni ya 25 ni 55, na hapo juu ya madabodi kuna ramu zinazosubiri kugongwa.

Kiasi gani kinatosha? Kipimo cha chini ambacho mafundi wengi hutumia ni nafasi ya feni moja ya 120 kwa kila kifaa kinachopozwa, na moja ya ziada. Mimi niko Dar, na huku naongeza. Maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 31, maji ya nyuzi 41 ni matokeo mazuri. Kwa prosesa ya wati 120 na kadi ya wati 320, ninaweka rejeta mbili, 360 na 240, ili feni zizunguke polepole bila kelele.

Hatua ya 3: Metali

Hapa naomba usome taratibu. Shaba na alumini zikikaa kwenye maji yale yale zinageuka kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Rejeta yangu ya kwanza niliuziwa kama ya shaba. Baada ya miezi kama mitano maji yakawa meupe kama yaliyooshea mchele. Nilipofungua bloki ya prosesa nikakuta vifereji vyake, vyembamba kama meno ya kitana, vimezibwa na ute mweupe. Iliniuma sana, maana bloki ile niliiwekea akiba muda mrefu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mulika tochi ya simu ndani ya tundu la kufungia fitingi (kiungo cha kushikia mpira wa maji). Thredi za njano ni brasi, na rejeta za namna hiyo kwa kawaida mirija yake ni ya shaba au brasi. Ukiona weupe wa sufuria, uliza tena, na usipopata jibu la uhakika, iache. Shaba, brasi na nikeli zinakaa pamoja vizuri. Alumini usiichanganye nazo.

Hatua ya 4: Pampu na tanki

Nunua pampu ya aina ya D5 iliyoungwa na tanki lake. Aina ya DDC nayo ina nguvu, ila hupata joto zaidi. Kikubwa ni tanki kumwaga maji moja kwa moja kwenye pampu, kwa sababu pampu ikizunguka kavu inaharibika. Mpangilio wa vifaa vingine haubadilishi joto kwa kiasi cha kukusumbua.

Hatua ya 5: Mipira na fitingi

Chukua mpira mweusi wa maji wa aina ya EPDM, 10/16 (milimita 10 ndani, 16 nje). Ile myororo inayopitisha mwanga mingi hutoa kilainishi chake kwenye maji na kuziba bloki. Mirija migumu iache hadi mzunguko wa pili.

Hesabu fitingi: mbili kwa kila kifaa. Bloki mbili, rejeta mbili na pampu ni fitingi 10, zote za thredi ya G1/4 (saizi ya kawaida ya vifaa hivi) na za saizi ile ile ya mpira wako. Ongeza kiungo cha T na koki ndogo ya kumwagia maji, uifunge sehemu ya chini kabisa. Bila koki, siku ya kubadilisha maji utalaza kompyuta ubavu kwenye beseni.

Hatua ya 6: Maji

Maji yaliyokenekwa, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ya kuua mwani. Ya bomba au ya kunywa ya chupa yana madini. Rangi nzito zenye chembe huganda chini. Kaa na maji yasiyo na rangi. Ukishajaza, washa pampu peke yake, bila kompyuta, kwa saa 24 uone kama kuna panapovuja, ukiwa umetandika karatasi za jikoni chini ya kila fitingi.