Bustani ya nyumbani ipimwe kwa wiki mbaya

Mvua ikichelewa, kisha ikaja yote kwa siku mbili, familia nyingi huuliza, "Sasa tupande lini?" Ni swali la haki. Lakini kwa bustani ya nyumbani lipo la kutangulia: wiki ikiwa mbaya kabisa, jua kali na mvua hakuna, tutaweza kunyweshea eneo la ukubwa gani? Jibu likipatikana, ndipo jembe litoke ndani.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mboga zilizokwisha kufunika ardhi, kwenye jua kali na upepo mkavu, hutumia karibu milimita 5 kwa siku, na pengine zaidi. Kwa hiyo bustani ya mita za mraba 10 inataka lita 50 kila siku, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Sasa kaeni muulizane. Nani atazibeba? Zitatoka wapi? Na siku ambayo mtoto anaumwa, au mtu mzima amerudi kazini usiku, zamu inashikwa na nani? Majibu yakisuasua, punguzeni matuta. Mita 4 zinazopata maji na kuangaliwa kila siku zitaleta mboga nyingi jikoni kuliko mita 20 zilizokauka msimu ukiwa katikati. Nasisitiza hili kwa sababu bustani nyingi hufa kwa kuzidi uwezo wa wenyewe kabla hata hali ya hewa haijaziua.

Ukame na mafuriko kufuatana si ajabu. Kila joto linapopanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvua isiponyesha, hewa hiyo hunyonya unyevu wa udongo na majani kwa kasi. Ikishiba, huumwaga kwa kishindo. Udongo wako basi una kazi mbili: kushika maji, na kuyapitisha yakizidi.

Mboji huufanya uziweze zote mbili. Hugandisha chembe za udongo kuwa vibonge vidogo vyenye nafasi katikati; maji ya ziada hupita kwenye nafasi hizo, na yanayohitajika hubaki ndani ya vibonge. Kabla ya kupanda, tandaza mboji iliyoiva sentimita 3 hadi 5 na uichanganye na udongo wa juu. Majani makavu na maganda ya mboga yanatosha kuianzisha. Nyama na mafuta visiingie, vitavuta panya.

Juu ya udongo weka matandazo, sentimita 5 hadi 10 ya nyasi kavu zisizo na mbegu au majani. Usiyasukumie hadi kwenye shina. Acha nafasi ya vidole viwili ili shina lipate hewa lisioze. Watu huyaweka wakifikiria ukame tu, nami huona faida yake wakati wa mvua kubwa haipungui. Tone likianguka kwenye udongo mtupu hurusha tope hadi kwenye majani ya chini, na ndani ya tope hilo mna vimelea vya ukungu. Chunguza nyanya iliyopandwa bila matandazo siku chache baada ya mvua kubwa: mara nyingi madoa huanzia majani ya chini, yale yale yaliyopakwa tope. Yaondoe mapema, siku ambayo majani ni makavu.

Katika kunyweshea, kinachoharibu zaidi ni maji kidogo kidogo kila jioni. Hulowanisha sentimita mbili za juu, mizizi nayo hubaki hapo hapo, kisha siku moja ya jua huimaliza. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, acha. Kukiwa kukavu, mwagilia taratibu karibu na shina mpaka maji yazame, ikiwezekana asubuhi. Miche midogo na mbegu zinazoota hazimo katika kanuni hii. Hizo hazivumilii kukauka hata siku moja.

Nyanya itakueleza yenyewe kama maji yanayumba. Doa jeusi lililobonyea kwenye kitako cha tunda, kavu kama ngozi, kwa kawaida halitokani na mdudu. Maji yakija na kukatika, madini ya kalisi hayafiki kwenye tunda, hata kama udongo unayo ya kutosha. Tunda lililopasuka baada ya mvua kubwa limenywa maji mengi ghafla kuliko ganda lake linavyoweza kutanuka. Na mchana ukipita nyuzi 35, maua ya nyanya huweza kudondoka bila ugonjwa wowote. Kupuliza dawa hapo ni kupoteza fedha. Weka kivuli chepesi saa za mchana na usubiri joto lishuke.

Kuhusu tarehe ya kupanda, mimi sishauri tena familia kutegemea siku moja. Gawanya mbegu mafungu matatu: sia la kwanza, la pili baada ya siku 10 hadi 14, na la tatu liwe akiba mahali pakavu penye ubaridi. Dhoruba ikilifagia fungu moja, hujaanza upya. Miche ikuzwe kwenye vyombo vinavyobebeka ili mvua ya mawe ikitishia, hata mtoto aweze kuisogeza chini ya paa. Kabla ya kuipandikiza, izoeshe jua na upepo kwa siku 7 hadi 10, ukiongeza saa kila siku.

Mvua kubwa ikishapita, usikimbilie kukanyaga tuta. Udongo uliolowa ukikanyagwa hushindiliwa, na mizizi hukosa hewa. Subiri hadi konzi ya udongo ikibonyezwa imeguke badala ya kunata. Kisha rudisha matandazo yaliyosombwa na uongeze mboji kidogo kando ya mimea, kwa sababu maji mengi huizamisha naitrojeni, kirutubisho cha mimea, chini ya mizizi. Majani ya zamani yakigeuka njano wakati huo, mara nyingi sababu ni hiyo. Kama maji hutuama kwako kila mara, inua matuta sentimita 20 hadi 30.

Wapeni watoto kipimo cha mvua. Kopo lenye pande zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi, na rula vinatosha. Wasome kila asubuhi, waandike daftarini, wamwage. Milimita 3 zilizoanguka juu ya matandazo makavu zinaweza zisifike kwenye mizizi, hata kama usiku paa lilisikika likivuma. Bila kopo hilo, mtu huacha kunyweshea siku ambayo mimea ina kiu.

Paa nalo ni chanzo cha maji. Milimita 10 za mvua juu ya paa la mita za mraba 20 ni lita 200; baada ya upotevu, tarajia kama lita 160. Pipa lifunikwe kabisa, mbu wasizaliane. Maji ya kuoshea mboga yaende bustanini bila wasiwasi. Ya kuogea na ya vyombo, yasiyo na dawa ya kung'arisha wala chumvi nyingi, yamwagwe kwenye udongo tu, mbali na mboga zinazoliwa mbichi na zile za mizizi. Yasilale, kwani huanza kunuka na vijidudu huongezeka. Yakibaki jioni, yamalizieni chini ya mti wa matunda.