Jinsi ya kuomba kuingia drafti ya NBA kabla ya kumaliza chuo, na jinsi ya kujitoa kwa wakati

Mwongozo huu ni wa mchezaji wa mpira wa kikapu aliyetoka kwetu, yuko chuo Marekani, hajamaliza masomo, na watu wameanza kumwambia kwamba skauti wanamfuatilia. Ni wa mzazi wake pia, maana simu ya wakala wakati mwingine huingia Mwanza au Lubumbashi kabla haijamfikia kijana mwenyewe. Msimamo wangu ni huu: kuandikisha jina kwenye drafti, yaani zoezi la timu za NBA kuchagua wachezaji wapya mmoja mmoja kwa raundi mbili, si kosa, na kwa mchezaji mwenye kiwango ni jambo la maana, mradi nafasi yake chuoni ibaki salama mpaka apate jibu la kueleweka. Wanaoumia zaidi ni wanaochelewa kujitoa.

Kwanza, jua kama unastahili

Lazima utimize miaka 19 ndani ya mwaka wa drafti, na uwe umepita angalau msimu mmoja wa NBA tangu darasa lako limalize sekondari. Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, alichaguliwa Juni 2025 akiwa bado na miaka 18, kwa sababu Septemba ya mwaka uleule alikuwa anatimiza 19. Alicheza chuo cha Duke msimu mmoja tu, akachukuliwa wa 10.

Nyumbani wengi huchanganyikiwa hapa. Mchezaji wa nje ambaye hajapitia shule wala chuo cha Marekani huingia drafti moja kwa moja mwaka anaotimiza 22. Ukishasajiliwa chuo cha Marekani, hata kama pasipoti yako ni ya Kenya au ya Tanzania, wewe si wa kundi hilo tena. Kama hujamaliza muda wako wa chuo, ni lazima uombe kwa maandishi.

Omba tathmini kabla ya kuandika barua

NBA ina kamati iitwayo Undergraduate Advisory Committee, inayokusanya maoni ya viongozi wa timu na kukupa makadirio ya siri: huenda ukachukuliwa raundi ya kwanza, ya pili, au usichukuliwe kabisa. Kocha au ofisi ya michezo ya chuo itakusaidia kutuma ombi, na ni vizuri jambo hili liwe limeanza Machi. Usiliruke. Tovuti za utabiri huandikwa na watu ambao hawana hela ya kukulipa. Kamati inauliza wale wenye hela. Tena, kwa kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ombi hili ndilo linalokupa ruhusa ya kuwa na wakala na bado ukarudi kucheza chuoni.

Barua yenyewe

Ni fupi. Unaieleza NBA kwa maandishi kwamba unaomba kuingia drafti ya mwaka huo, na lazima iwe imewafikia angalau siku 60 kabla ya drafti. Mwaka 2025 siku ya mwisho ilikuwa Aprili 26. Baki na nakala na uthibitisho kwamba imepokelewa, kisha mpe nakala nyingine mtu wa chuo anayesimamia kanuni za NCAA.

Wakala

Tangu Agosti 2018 mwanafunzi anaweza kusaini na wakala bila kupoteza haki ya kurudi chuoni, ila wakala huyo awe na kibali cha NCAA, mkataba uwe wa maandishi, na uvunjwe pale unaporudi. Anaruhusiwa kukulipia nauli, malazi na chakula unapokwenda kujaribiwa na timu. Haruhusiwi kukujengea nyumba ya mama.

Mzazi akipigiwa simu, aulize mambo mawili tu: kibali chako cha NCAA kiko wapi, na asilimia yako ni ngapi? Chama cha wachezaji wa NBA hakimruhusu wakala kuzidi asilimia 4 ya mshahara. Akitaja 10, mazungumzo yameisha.

Mei, Chicago

Ukialikwa kwenye kambi ya vipimo, nenda. Mkataba wa mwaka 2023 kati ya ligi na wachezaji umeifanya kuwa lazima kwa aliyealikwa, pamoja na uchunguzi wa afya. Utasimama pekupeku ukutani wapime urefu, utanyoosha mikono wapime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, watapima kiganja, wataangalia unavyoruka kwa kusimama na kwa kukimbia. Mchezaji ambaye chuo kilimwandika futi 7 na viatu vyake hupungua pale mbele ya timu zote 30. Kisha kuna mahojiano, na hayo yana uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Wakati huohuo usiache darasa. Ukifeli muhula huo, barua ya kujitoa haitakusaidia kitu.

Viza: hapa ndipo sisi tunatofautiana na wenzetu

Mmarekani akikosea hesabu zake anarudi kwao, analala, anatafuta timu nyingine. Wewe uko kwenye F-1, viza ya mwanafunzi, na F-1 inasimama juu ya masomo ya muda wote. Ukijiondoa chuoni kwa idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, una siku 15 za kuondoka nchini. Mwanamichezo wa kulipwa hutumia viza ya P-1, ambayo timu au mwajiri ndiye anayeiombea. Bila mkataba hakuna mwombaji. Kwa hiyo nenda kwenye ofisi hiyo kabla ya barua ya drafti, ueleze mpango wako, na usisaini fomu yoyote ya kuacha chuo mpaka ujue nani atakuombea viza.

F-1 inagusa pia hela za kubaki chuoni. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaweza kulipwa kwa jina na sura yao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa. Ndiyo maana walioandikisha majina ya drafti mapema wamepungua sana, kutoka 353 mwaka 2021 hadi 106 mwaka 2025. Lakini mwenye F-1 hawezi kufanya kazi Marekani hivihivi. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, mchezaji bora wa vyuo wa 2022, alisubiri chuo chake, Kentucky, kisafiri Bahamas Agosti mwaka ule ili afanye matangazo akiwa nje ya ardhi ya Marekani. Mtu akikuambia "baki, chuo kitakulipa", muulize kwa viza gani.

Tarehe mbili, moja tu ndiyo yako

Mwaka 2025 NCAA ilitaka anayerudi chuoni awe amejitoa ifikapo Mei 28, saa 5:59 usiku kwa saa za New York, yaani saa 12:59 asubuhi ya Mei 29 kwa saa za Dar es Salaam. NBA nayo ilikuwa na siku yake ya mwisho ya kujitoa: Juni 15. Anayefuata ile ya Juni anatoka kwenye drafti salama, lakini chuoni haruhusiwi tena kucheza. Tarehe hubadilika kila mwaka, mtego ni uleule. Andika ya NCAA, kisha tuma barua siku mbili kabla.

Ubaki kwenye drafti au urudi chuoni?

Anayechukuliwa raundi ya kwanza hupata mkataba wenye miaka miwili ya uhakika. Raundi ya pili haina uhakika huo. Mkataba wa njia mbili, kati ya NBA na G League, ligi ndogo ya NBA ya kukuza wachezaji, ulilipa takriban dola 578,000 msimu wa 2024-25. Mkataba wa kawaida wa G League ulilipa dola 43,000. Tofauti hiyo ndiyo uamuzi wenyewe.

Mtanzania Hasheem Thabeet angeweza kuondoka chuo cha Connecticut mapema. Alikaa misimu mitatu, akaingia 2009, akaitwa wa 2, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Hakudumu NBA, lakini nafasi ile ilimhakikishia mkataba. Zach Edey wa Kanada aliandikisha jina 2023, akasikiliza majibu, akajitoa, akarudi chuoni kwake Purdue, na 2024 akachukuliwa wa 9. Tshiebwe alirudi Kentucky baada ya mwaka wake bora, akaingia 2023, na majina yote yakaisha bila lake. Akaanzia mkataba wa njia mbili na timu ya NBA ya Indiana. Kwa hiyo kurudi si dawa ya kila mtu. Kamati ikikuambia raundi ya kwanza, na zaidi ya timu moja zimekuita mara ya pili, baki kwenye drafti. Ikikuambia raundi ya pili na una miaka 20, ningekushauri urudi. Kama una 23, mwaka mmoja zaidi chuoni hautabadilisha sana skauti wanavyokuona.

Ukibaki kwenye drafti na usiitwe

Uko huru kusaini na timu yoyote, na simu huanza kuita usiku uleule. Watakupa nafasi ya ligi ya kiangazi Las Vegas mwezi Julai, au mkataba wa majaribio wa kambi ya mazoezi. Kabla ya kukubali, wakala aulize kwa maandishi: timu itawasilisha maombi ya P-1 tarehe ngapi, nani atalipia wakili wa uhamiaji, na nikikatwa Oktoba, klabu yao ya G League itanichukua pamoja na maombi hayo?