Jinsi ya kufundisha mageuko ya viumbe bila darasa kuwa ubishi wa nyani

Walimu wengi wanaanza na binadamu na nyani, hapo ushapoteza nusu ya darasa, kila mtu anataka kubishana hakuna anayesikiliza. Binadamu waweke mwisho.

Mi naanza na vikaratasi. Tandika kitambaa cha kijani, mwaga vikaratasi 30 vya kijani na 30 vyekundu, waambie wanafunzi nyie ndo ndege, kila mtu apite fasta adonoe cha kwanza anachokiona mpaka vibaki 20. Kila kilichobaki "kinazaa" viwili vya rangi yake, mnarudi kwenye 60, mnacheza tena. Raundi chache tu vyekundu vinakuwa vya kutafuta kwa tochi. Sasa uliza: kuna kikaratasi hata kimoja kilichobadilika rangi? Hakuna! Kilichobadilika ni kundi. Hapo usikimbie, waache wabishane kidogo, maana wakiikosa hiyo mengine yote watakariri tu. Halafu weka kitambaa chekundu na vikaratasi vya kijani tupu, wataona hata ucheze mpaka jioni wekundu hautokei, tofauti lazima iwepo kwanza, na tofauti mpya zinaletwa na mabadiliko ya jeni yanayotokea kibahati bila kujali kiumbe anahitaji nini.

Ndo ulete mfano wa kweli. Wanasayansi Peter na Rosemary Grant walikuwa wanapima midomo ya ndege kwenye kisiwa cha Daphne Major, kwenye visiwa vya Galápagos, bahari ya Pasifiki, ukaja ukame wa 1977, mbegu laini zikaisha zikabaki kubwa ngumu. Wenye midomo minene ndo walipona zaidi, na watoto wao wakazaliwa na midomo minene kuliko wastani wa zamani. Charles Darwin, mwanasayansi aliyeeleza mageuko kwa njia hii, alichapisha hoja yake 1859, hapa watu wameishuhudia kwa macho.

Mwanafunzi akisema twiga alirefusha shingo ili afikie majani, mrudishe kwenye vikaratasi: hakuna kilichobadilika chenyewe, ni kundi. Akisema "si nadharia tu", mwambie hata vijidudu kusababisha magonjwa ni nadharia, kwenye sayansi maana yake ni maelezo yaliyopimwa sana. Na nyani? Hatukutoka kwa sokwe wa leo, sisi na wao tuna babu mmoja wa mamilioni ya miaka nyuma, basi.

Swali la mtihani: kwa nini antibayotiki iliyokuwa inaua bakteria inafika mahali haiwaui tena? Anayejibu "bakteria wameizoea dawa" usimpe maksi, muulize waliokufa wako wapi: dawa iliua wengi, waliobaki ni wale waliokuwa tayari tofauti, wao ndo wakazaa.