SOMO: Jinsi ya kufikisha hoja mkutano mkuu wa kijiji na ikaandikwa

Wakuu, swali la "tufanyeje ili viongozi watusikilize" nimelijibu mara nyingi mno. Leo naliandika lote hapa. Nazungumzia vijiji vya Tanzania Bara.

1. Jua wewe ni nani. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Ndicho chombo cha juu kijijini, na kisheria unaitishwa angalau kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, ile ya wajumbe 15 hadi 25, inawajibika kwenu.

2. Anzia kitongojini. Ukisimama peke yako utaitwa mkorofi, mkiwa kitongoji kizima hiyo ni hoja.

3. Andika barua kwa mtendaji wa kijiji kuomba hoja iwe ajenda. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.

4. Siku ya mkutano fika mapema, keti mbele.

5. MUHTASARI, yaani kumbukumbu za mkutano zinazoandikwa. Hapa someni taratibu, maana hapa ndipo nilipoharibu mimi. Tulikuwa na fedha ya kukodisha shamba la kijiji, na shule yetu ilikuwa na matundu mawili tu ya choo kwa wasichana. Nikasimama kwenye "mengineyo", nikaeleza, watu wakanyoosha mikono karibu wote: fedha ijenge matundu manne. Tukapiga makofi, tukaenda nyumbani. Miezi mitatu baadaye fedha ilikuwa imeshapaka rangi ofisi. Nikapanda basi hadi wilayani kulalamika. Ofisa aliniuliza jambo moja tu: muhtasari unasemaje? Ulipoletwa, nikasoma kwa macho yangu: "Mengineyo: hakuna." Mabinti waliendelea kupanga foleni mwaka mzima kwa sababu sikusubiri dakika kumi.

Kwa hiyo: hoja ya fedha isiachwe kwenye mengineyo. Kabla mkutano haujafungwa, omba azimio lisomwe kwa sauti: kiasi gani, kazi gani, msimamizi nani, lini. Mkutano unaofuata, muhtasari uliopita usomwe KABLA ya kuthibitishwa, na kama kuna kosa lirekebishwe palepale. Na msisaini karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa cha mkutano na tarehe juu yake. Saini zenu zinaweza kubandikwa kwenye jambo ambalo hamkulisikia kamwe.

6. Fuatilia. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe mkutanoni na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na mipango huibuliwa miezi mingi kabla. Ukileta hoja Juni, bajeti hiyo imeshakupita.

MASWALI

— Mkuu, ndefu sana. Fupisha, nifanye nini?
Soma namba 5.

— Mikutano yenyewe ni ya chama, mimi siendi.
Huo ni mkutano wa wakazi, si wa chama chochote. Usipokwenda, wengine wataamua matumizi ya mchango wako.

— Mwenyekiti hajaitisha mkutano mwaka mzima. Wewe unasema barua! Barua itasaidia nini?
Nimesema barua yenye muhuri. Andikeni wakazi wengi, mtaje tarehe ya mkutano wa mwisho, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri. Nimeona mkutano ukiitishwa kwa njia hiyo. Kulalamika kwenye kahawa sijaona kukiitisha chochote.

— Samahani kaka, mimi nimeolewa huku, si mzaliwa. Naruhusiwa kusema? Na sisi wanawake mkutano ukiwa saa nane mchana tunakuwa kisimani.
Dada, asante kwa swali hili. Sheria inaangalia ukazi, haiangalii kuzaliwa. Unaishi hapo, una miaka 18, una sauti na kura. Kuhusu muda, hiyo nayo ni hoja kamili: ombeni saa kumi jioni, na tangazo lifike kisimani, msikitini na kanisani, lisiishie ubaoni. Kwetu mkutano uliposogezwa, akina mama walijaa, na suala la choo likarudi kama ajenda namba tatu. Safari hii tulisubiri likasomwa. Mnaweza pia kukubaliana kabla nani aanze kusema, maana wa kwanza akisimama wengine hupata nguvu.

— Nje ya mada kidogo: kuna mtu anataka ekari nyingi kijijini, halmashauri ya kijiji imeshamkubalia. Imekwisha?
Haijaisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka idhini ya mkutano mkuu kabla halmashauri ya kijiji haijagawa ardhi. Kesho asubuhi nenda ofisini uombe kuona muhtasari wa mkutano ulioidhinisha, pamoja na mahudhurio. Nenda na wazee wawili wanaoijua mipaka.

— Na wakikataa kuuonyesha?
Omba kwa barua, chukua muhuri, kisha nakala wilayani. Ukikwama niandikie tena, tutaitunga barua pamoja.