Ofisi ya Kupangisha Nyumba Siku Mitandao Inapozima

Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na Uganda. Kulipia kampuni mbili za intaneti hakukuwa kinga ya uhakika, maana zote mbili zinaweza kupitisha data kwenye kebo ileile. Simu za kawaida, SMS na menyu kama *150*00# ya M-Pesa kwa kawaida hazitegemei kebo hizo, kwa hiyo ofisi inayosimamia nyumba za kupanga ipange dharura yake juu ya vitu hivyo, siyo juu ya WhatsApp.

Anza na karatasi. Kila Ijumaa chapisha orodha yenye jina la mpangaji, namba ya fleti, simu, salio la kodi, tarehe ya mkataba kuisha na namba ya mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla). Chini yake weka simu za fundi umeme, fundi bomba na mlinzi. Nakala moja ifungiwe kabatini. Ya pili akae nayo msimamizi wa jengo, lakini ondoa safu ya madeni. Deni la mpangaji halimhusu mlinzi wala jirani.

Mikataba na picha za makabidhiano ziwe pia kwenye diski ya nje. Ukimaliza kunakili, ichomoe, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili hufunga na diski iliyochomekwa. Kosa linaloumiza zaidi ni faili linaloonekana kwenye kompyuta kumbe ni kivuli tu, lenyewe liko mtandaoni. Kila mwezi zima intaneti, kisha jaribu kufungua mikataba mitatu kutoka kwenye diski.

Kwenye umeme, piga hesabu kabla ya kununua betri. Ruta na kifaa cha faiba hula kama wati 20 kwa pamoja, kompyuta mpakato mbili kama wati 100. Ongeza upotevu wa inveta, utafika karibu wati 140. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100 ina Wh (wati-saa) 1,200, ila ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara itakufa mapema. Hivyo una Wh 600, yaani saa nne na kidogo. Printa ya leza isiunganishwe hapo: inapopasha moto huvuta mamia ya wati na inveta ndogo hujizima, ikikuzimia na ruta. Tokeni za LUKU za pampu ya maji na taa za ngazi zinunuliwe kabla salio halijakaribia kuisha, kwa kuwa mfumo wa kuuza tokeni nao hukwama. Na geti la umeme kwa kawaida huwa na ufunguo wa kulifungua kwa mkono. Mlinzi wa zamu ya usiku aujue ulipo na awe ameshautumia.

Eneo la hatari kuliko yote ni malipo. Mpangaji anakatwa pesa, ujumbe haufiki kwako, anaambiwa atume tena, na kesho yake unadaiwa kurudisha. Usimwambie arudie. Andika namba ya muamala, kiasi, saa na simu iliyotuma, mpe risiti ya muda kutoka kitabu chenye kaboni na namba za mfululizo, kisha subiri taarifa ya akaunti. Siku hizohizo matapeli hutuma ujumbe bandia wa malipo, na wengine huwatangazia wapangaji “akaunti mpya ya ofisi”. Amini salio, siyo SMS. Wapangaji waelezwe mapema, kwa maandishi, kwamba akaunti haibadilishwi kwa ujumbe wa simu hata siku moja.

Kwenye mkataba ongeza kifungu: njia ya malipo ikizimika, faini ya kuchelewa haihesabiwi hadi saa 48 baada ya huduma kurudi. Kinamlinda mpangaji asiye na kosa na kinawaondolea ninyi ubishi.

Huduma ikirudi, mtu mmoja tu aingize yaliyoandikwa kitabuni, kwa kufuata namba za risiti, na mwingine ayalinganishe na taarifa ya benki. Wakiingiza wawili kwa pamoja, malipo yaleyale hurekodiwa mara mbili. Risiti ya muda ibadilishwe kwa ya EFD (mashine ya risiti za TRA, mamlaka ya mapato), na nakala yake ya kaboni ichorwe mstari lakini isichanwe.