Namna ya Kuandika Wasifu wa Mkuu wa Ujasusi Aliyepelekwa Ubalozini

Anayetaka kuandika maisha ya mtu aliyeongoza idara ya ujasusi kisha akapewa ubalozi hukutana na tatizo mapema: nusu ya kwanza ya maisha hayo imefungiwa kabatini, na nusu ya pili imejaa picha za kukabidhi hati za utambulisho na hotuba zisizosema kitu. Waandishi wengi hukimbilia orodha ya vyeo. Mimi nashauri njia nyingine, nami nitaieleza kwa kumtumia Richard Helms, aliyeongoza Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, tangu Juni 1966 hadi Februari 1973, kisha akaiwakilisha nchi yake Iran hadi mwishoni mwa 1976. Nyaraka nyingi zinazomhusu zimekwisha kufunguliwa, kwa hiyo anafaa kujifunzia.

Usianze na kuzaliwa kwake. Anza na swali la kwa nini aliondolewa, kwa maana ubalozi mara nyingi ni mlango wa kumtolea mtu bila kumfukuza hadharani. Rais Richard Nixon alimwita Helms Camp David, makazi ya mapumziko ya marais wa Marekani, Novemba 1972, mara tu baada ya kushinda uchaguzi, akamwambia kwamba anataka mtu mpya. Miezi michache kabla, Ikulu ilikuwa imetaka CIA isaidie kuzima uchunguzi wa wizi wa Watergate, yaani uvunjaji wa ofisi za chama pinzani cha Democratic, na Helms hakukubali shirika lake libebeshwe mzigo huo. Mwandishi aweke matukio haya mawili karibu karibu kwa tarehe zake na kumwachia msomaji apime uhusiano wake, bila kudai kwamba kukataa huko ndiko kulikozaa kuondolewa kwake.

Kisha tafuta mahali ambapo kazi mbili zinagusana; hapo ndipo penye kiini cha wasifu, na hapo ndipo unapopaswa kukaa kwa muda mrefu kuliko kwingine. Kwa Helms, mahali hapo ni chumba cha kamati ya Seneti, Februari 1973. Balozi wa Marekani hathibitishwi mpaka ahojiwe na maseneta, na katika mahojiano hayo Seneta Stuart Symington alimuuliza iwapo CIA ilijaribu kuiangusha serikali ya Chile. Akajibu, “Hapana, bwana.” Akaulizwa iwapo fedha zilipitishwa kwa wapinzani wa Salvador Allende, mwanasiasa wa mrengo wa kushoto aliyekuwa rais wa Chile wakati huo. Akajibu tena, “Hapana, bwana.”

Sasa chukua karatasi nyingine uiweke kando ya majibu hayo. Tarehe 15 Septemba 1970, akiwa mbele ya Nixon, Helms aliandika kwa mkono wake maelekezo aliyopewa: uwezekano labda ni mmoja kati ya kumi, lakini Chile iokolewe, dola milioni 10 zipo, na zaidi zikihitajika, uchumi ufanywe upige yowe. Mpango huo ulifichwa hata kwa balozi wa Marekani aliyekuwa Santiago, mji mkuu wa Chile. Mtu aliyemficha balozi siri ya nchi aliyomo ndiye huyu aliyekuwa akiomba kuwa balozi, na sentensi moja ya namna hiyo, ikiandikwa kwa utulivu, inamweleza vizuri kuliko kurasa kumi za sifa.

Kuhusu vyanzo, usikate tamaa ukisikia kwamba majalada yamechomwa. Helms aliagiza mwaka 1973 kumbukumbu za MKULTRA, mradi wa majaribio ya kuathiri akili za watu, ziharibiwe. Lakini mwaka 1977 zilipatikana hati takriban 20,000 zilizokuwa zimehifadhiwa pamoja na hesabu za fedha. Kwa hiyo omba vitabu vya malipo, hati za safari na shajara za mapokezi, maana mwenye siri huikumbuka barua na kuisahau stakabadhi. Kumbukumbu alizoandika mhusika mwenyewe (za Helms zilitoka 2003, mwaka mmoja baada ya kifo chake) zisome kama utetezi wa mshtakiwa: kwa heshima, na kwa kuzilinganisha na nyingine.

Miaka ya Tehran unaweza kuipitia kwa haraka zaidi, mradi usisahau mambo mawili. Alikwenda katika nchi ambayo shirika lake lilisaidia kumwangusha Waziri Mkuu Mosaddegh mwaka 1953, na mara kwa mara alilazimika kurudi Washington kuhojiwa, hasa mwaka 1975 mbele ya kamati ya Seneta Frank Church iliyochunguza idara za ujasusi.

Mtafute pia mtu mwenyewe. Mei 1945, akiwa ofisa kijana wa ujasusi nchini Ujerumani, Helms alimwandikia mwanawe wa miaka mitatu barua kwenye karatasi yenye jina la Adolf Hitler, ili siku moja mtoto ajue vita vile vilikuwa vya nini. Barua hiyo imo katika jumba la makumbusho la CIA. Iweke karibu na kile chumba cha Seneti, si mwanzoni kama pambo.

Mwisho, andika hukumu bila kuipunguza wala kuikuza. Mwaka 1977 Helms hakuyapinga mashtaka ya kutolieleza Bunge ukweli wote. Akatozwa faini ya dola 2,000 na kupewa kifungo cha nje cha miaka miwili. Mwaka 1983 Rais Ronald Reagan alimtunuku nishani ya usalama wa taifa. Kisha, kabla ya kuchapisha, mpe rasimu msomaji asiyemjua Helms, umuulize kwa nini alijibu “hapana” mara mbili. Akishindwa kukujibu kwa kutumia ulichokiandika, rudi kwenye aya ya Februari 1973 uiandike upya.